Nguo Nyeupe Haiongezi Jua: Mwongozo Kamili wa Kipima Mwanga cha Mkononi kwa Wapiga Picha wa Mwanza

"Mwanangu, hapa naona gauni, naona ziwa. Binti yangu yuko wapi?"

Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa ameshika albamu ya harusi niliyompelekea mwenyewe nyumbani kwake Nyakato, na alikuwa na haki. Maharusi tuliwapiga jioni juu ya mawe ya Capri Point, jua likishuka ng'ambo ya ghuba na maji nyuma yao yakimeta kama bati jipya. Kamera iliona mng'ao ule wa maji ikadhani mwanga umezidi, ikabana. Gauni likatoka kijivu, nyuso zikatoka giza tupu. Nilipojaribu kuzinyanyua kwenye kompyuta, weusi wa ngozi ukageuka rangi ya majivu. Binti aliyekuwa ameng'aa siku nzima akaonekana amepauka kama mtu aliyetoka kuugua.

Siku zile kamera niliifahamu vizuri. Sikujua tu kwamba inapima kitu tofauti na kile nilichokuwa nakihitaji. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angenieleza kabla ya harusi ile. Nayaandika nikiwafikiria wapiga picha wa huku kwetu, wenye nyuso za watu wetu mbele ya lenzi na ziwa nyuma yao karibu kila Jumamosi.

Kamera inakosea wapi

Kipimo kilichomo ndani ya kamera husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Hakina namna ya kujua kama kile kitu ni gauni, suti au shavu la mtu, kwa hiyo hukichukulia kila kitu kuwa kijivu cha wastani. Kipimo cha kijivu hicho ambacho wapiga picha wamekizoea ni kadi inayorudisha asilimia 18 ya mwanga inaoupata. Ukikielekeza kwenye kitu cheupe, kitakupa namba za kukigeuza kijivu. Ukikielekeza kwenye kitu cheusi, nacho kitataka kiwe kijivu vilevile.

Chukua maharusi waliosimama chini ya jua moja, mahali ambapo namba sahihi ya tundu la lenzi ni f/8 (namba ikipanda, tundu linabanwa na mwanga unapungua). Kipimo cha kamera kikilenga shela tu, kinaweza kukwambia f/16. Kikilenga suti nyeusi ya bwana harusi, kitasema f/4. Kikilenga uso wa mtu mweusi peke yake, kitasema f/5.6, na uso huo utatoka umepauka. Una namba tatu mkononi na jua ni lile lile. Nguo nyeupe haiongezi jua, wala ngozi nyeusi hailipunguzi.

Kipima mwanga cha mkononi chenye kuba nyeupe hufanya kazi kwa njia nyingine. Unakipeleka pale alipo mtu, kinapokea mwanga ule ule unaomwangukia yeye, na kinakupa namba bila kujali amevaa nini au ana rangi gani. Ukitumia namba hiyo, cheupe kitatoka cheupe, cheusi kitatoka cheusi, na ngozi itakaa mahali pake. Kuba ile ilibuniwa na Mmarekani Don Norwood, aliyepewa hataza yake mwaka 1940. Wazo lake lilikuwa kwamba uso wa mtu ni mviringo, unapokea mwanga wa mbele, wa ubavuni na wa juu kwa pamoja, kwa hiyo kifaa cha kuupimia mwanga huo kiwe na umbo linalofanana na uso. Nikimfundisha kijana huanza na hilo: kuba ni uso wa mtu. Ukilishika hilo, mengine mengi utayatatua mwenyewe.

Kipi ununue

Vipima vya mtumba viko vya aina tatu, na tofauti iko kwenye jicho lake.

Vya zamani kabisa vina jicho la seleni. Havihitaji betri, mwanga wenyewe ndio unaosukuma mshale. Sekonic L-398 ni wa ukoo huo, na unashuka moja kwa moja kutoka kwenye kazi ya Norwood. Ni kizuri kwa mchana, ila gizani mshale hauinuki, na flashi hakisomi kabisa. Kina kibati kidogo chenye matundu ambacho unakichomeka nyuma ya kuba kwenye jua kali. Kibati kikiwa ndani, namba ya mshale unaiweka kwenye alama ya H. Kikiwa nje, unatumia alama nyingine. Watu wengi hukitupa kipima kizima kwa kudhani kimekufa, kumbe ni kibati hicho tu kimepotea au kimesahauliwa ndani. Toleo jipya zaidi, L-398A, limeacha seleni na linatumia silikoni, lakini linatumika vile vile.

Vya katikati vina jicho la CdS (kadimiamu salfaidi). Vinaona hata kwenye mwanga hafifu, lakini vina kasoro mbili. Kwanza, vikipigwa na jua kali hubaki "vimelewa" kwa muda, ukiingia kivulini vinakudanganya mpaka vipoe. Pili, vingi vilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya kisasa ya volti 1.55 namba zinaweza kuyumba. Kama huna fundi wa kukurekebishia, usinunue.

Vya kisasa vina jicho la silikoni na skrini ya namba. Hivi husoma haraka, husoma flashi, na betri yake ni ya kawaida. Kwa mtu anayekula kwa harusi, kipaimara na mahafali, Sekonic L-308 au chochote cha aina hiyo kinatosha kabisa. Vile vikubwa vyenye darubini ya kulenga nukta ni vizuri, ila subiri kazi ikulipe kwanza.

Na simu? Programu nyingi za simu hupima kwa kamera ya simu, maana yake zinasoma mwanga unaorudi, na kosa ni lile lile la kamera yako. Zinakusaidia kuzoea namba. Kazi ya mtu aliyekulipa usiitegemeze hapo.

Kabla ya kulipa, jaribu kifaa nje wakati wa jua kali lisilo na wingu. Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/125 ya sekunde, kuba ilitazame jua. Ukipata f/16 au karibu sana na hapo, kiko hai. Kikisema f/8, mrudishie mwenyewe.

Namba zenyewe

Hapa nitapita haraka kwa kuwa wengi mnajua. Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Upande wa lenzi hatua zake ni f/2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Upande wa shata ni 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500. Ukibana lenzi stopu moja na kupunguza kasi ya shata stopu moja, mwanga unabaki ule ule: f/8 kwa 1/125 ni sawa na f/5.6 kwa 1/250.

Jambo linalowachanganya wengi ni ile tarakimu ndogo pembeni kwenye skrini za Sekonic. Ukiona 5.6 na kando yake 5 ndogo, maana yake ni f/5.6 na sehemu tano za kumi za stopu kuelekea f/8. Kamera nyingi husogea kwa theluthi, kwa hiyo 3 ndogo ni mbofyo mmoja, 7 ni mibofyo miwili, na 5 chagua mwenyewe.

Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Weka kamera kwenye M. Ukiiacha kwenye mfumo wa kujiamulia, itapuuza kila ulichopima.

Weka ISO ile ile kwenye kamera na kwenye kipima. Hili ni jambo dogo, nalo ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko kosa lingine lolote. Umetoka kanisani ukiwa na ISO 1600, umeingia uani ukashusha ya kamera hadi 100, ya kipima umeisahau. Stopu nne zimekwenda. Mimi nikigusa ISO ya kamera, mkono wa pili unagusa kipima papo hapo, hata kama sipimi sasa hivi.

Chagua shata kwanza. Kwa watu waliosimama, 1/125 au 1/250 inatosha. Kwa maharusi wanaoingia wakicheza, usishuke chini ya 1/250 kama huna flashi. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, shata ni 1/50, na hapo utacheza na lenzi na ISO tu.

Nenda pale alipo mtu. Shika kipima mbele ya uso wake, chini kidogo ya kidevu au mbele ya pua, kwa adabu na kwa kumwambia unachofanya: "Dada, napima mwanga, samahani kidogo." Ukiwa na msaidizi, ashike yeye au hata bwana harusi ashike. Angalia kivuli chako. Ukisimama kati ya jua na kuba, umepima kivuli cha bega lako, na uso wa mtu utaungua.

Elekeza kuba kwenye lenzi ya kamera. Hapa wengi hukosea kwa kuielekeza kwenye jua, wakidhani kupima mwanga ni kutazama mwanga unakotoka. Kuba ni uso wa mtu, na inapaswa kuonekana na kamera kama uso unavyoonekana: nusu yake ikiwa na jua kama uso una jua nusu, kivulini ikiwa uso uko kivulini. Kuna sababu za kuigeuzia jua, nitazieleza mbele.

Bonyeza, soma, hamishia namba kwenye kamera, piga. Kisha usipime tena mpaka mwanga ubadilike. Hii ndiyo raha kubwa ya kifaa hiki. Bibi harusi akigeuka, mpambe wa nguo nyeusi akiingia kwenye picha, watoto wa nguo za njano wakikimbilia mbele, namba hazibadiliki kwa sababu jua halijabadilika. Picha mia moja za shughuli hiyo zitafanana ngozi, na ukifika kwenye kompyuta hutazirekebisha moja moja.

Kulinganisha kifaa na kamera yako

Usikiamini kifaa kipya siku ya kazi. Mchukue ndugu au rafiki mwenye subira, avae shati jeupe, mweke chini ya mwembe au kibarazani, mahali penye kivuli cha wazi. Kwa ISO 100 na shata 1/125 utapata kama f/5.6 hivi. Piga kwa namba uliyopata, kisha piga ukiongeza theluthi, ukiongeza theluthi mbili, ukipunguza theluthi, ukipunguza theluthi mbili. Zitazame zote kwenye skrini nzuri, na kama unachapisha, zichapishe ndogo ndogo. Tafuta ile ambayo shati lina mikunjo inayoonekana na shavu lina rangi unayoijua.

Kama picha nzuri ni ile ya kuongeza theluthi, na ni hivyo kila ukirudia, basi kamera yako inahitaji theluthi hiyo siku zote. Weka ISO 80 kwenye kipima wakati kamera iko 100, na tatizo limeisha. Fanya jaribio hili kwa kila kamera unayoimiliki, uandike matokeo kwenye plasta chini ya kamera.

Niseme jambo la ngozi hapa. Kuba huiweka ngozi nyeusi mahali pake pa kweli, nayo ni nyeusi. Kwa mtu mweusi sana aliye kivulini mimi huongeza theluthi ya stopu ili macho na mikunjo ya uso isimezwe wakati wa kuchapisha. Siongezi zaidi ya hapo. Ukiongeza stopu nzima unaanza kumpausha, na mtu anayejitazama kwenye picha yake anatambua mara moja kwamba hiyo si rangi aliyozaliwa nayo. Wateja wachache huomba weupe. Wengi wanaomba kung'aa, na mng'ao wa ngozi nyeusi unatoka kwenye mwanga wa ubavuni unaoteleza shavuni na kwenye paji la uso. Kuufungua mwanga kupita kiasi kunaua mng'ao huo.

Jua la utosini

Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita juu kabisa ya kichwa, na miezi mingine haliinami sana. Tena saa zetu zimefuatishwa na sehemu iliyo mashariki yetu, kwa hiyo adhuhuri ya kweli huku haiji saa sita kamili. Jua linakuwa kileleni kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Ndiyo saa ambayo misa ya ndoa inatoka na ndugu wote wanataka picha mlangoni mwa kanisa.

Hapo kuba inaweza kukupotosha usipokuwa makini. Ukiielekeza kwenye kamera, jua la juu linaipiga utosini, na namba unayopata ni ya paji la uso na ncha ya pua. Macho yamo shimoni. Kwa hiyo pima mara mbili. Kwanza kawaida. Pili, weka kiganja juu ya kuba kama ukingo wa kofia, jua lisiiguse kabisa, usome tena. Namba ya pili ndiyo mwanga uliopo machoni. Tofauti ikiwa stopu moja, piga bila wasiwasi. Ikiwa mbili, tafuta msaada: rifrekta, shuka jeupe lililoshikwa na vijana wawili kwa chini, au sakafu ya saruji nyeupe inayorudisha mwanga juu. Ikifika tatu, waondoe watu pale. Wasogeze chini ya baraza, kwenye ukingo wa kivuli, nyuso zikitazama nje kwenye uwanja wenye jua. Pima hapo kwa kuba ikitazama kamera, utakuta mwanga laini unaotoka mbele, na macho yatakuwa na uhai.

Ndugu watalalamika kwamba kivulini hakuna jua. Waombe dakika moja tu, kisha waonyeshe picha ya kwanza nyuma ya kamera.

Ufukweni mchanga na maji hukufanyia kazi ya rifrekta bila malipo, na mawe yetu makubwa pia, ingawa mawe huleta rangi ya udongo kidogo. Kipima hakikwambii rangi. Kinakwambia kiasi tu.

Ziwa likiwa nyuma

Sasa tumerudi kwa yule mama wa Nyakato. Jua liko nyuma ya maharusi, linagonga maji, na nyuso ziko kivulini.

Simama mbele ya bibi harusi, kuba iitazame kamera, mgongo wa kipima ukiwa kwenye ziwa. Tuseme umepata f/4. Sasa geuza kuba ilitazame jua lenyewe: f/16. Namba ya kwanza ni ya uso, ya pili ni ya mwanga unaopita kwenye nywele, mabega na ukingo wa shela. Kati yao kuna stopu nne, na huwezi kuvipata vyote viwili kikamilifu.

Mafundi wa zamani walichukua katikati, yaani f/8. Kwa mazingira tupu ni njia nzuri. Kwa uso wa mtu wetu f/8 ni giza mno, kwa hiyo mimi husimama f/4 na theluthi, au f/5.6 kama nataka ziwa libaki na rangi kidogo. Maji yatameta meupe sehemu fulani. Acha yamete.

Ukitaka uso na anga vyote, weka mwanga wako mwenyewe. Toa kuba au isogeze pembeni kama kifaa chako kinavyoelekeza, kisome anga kama mwanga unaorudi, ukilenga pembeni mwa jua. Tuseme anga inasema f/11 kwa 1/200. Weka kamera hapo. Kisha rudisha kuba, washa flashi ukiwa umeitoa kwenye kamera na kuiweka ubavuni, upime pale usoni mpaka flashi isome f/8. Uso utakuwa chini ya anga kwa stopu moja, na utaonekana ni wa jioni kweli. Flashi ikisoma f/11 au zaidi, maharusi wataonekana wamebandikwa juu ya ziwa kama stika.

Ukifunga kichujio cha kuondoa mng'ao wa maji, kumbuka kipima kiko mkononi na hakijui kuna kioo mbele ya lenzi. Vichujio hivyo hula stopu moja na nusu hadi mbili. Kama chako kinakula mbili, shusha ISO ya kipima kutoka 100 hadi 25 na usome namba moja kwa moja.

Mtumbwi ulio mbali, dagaa walioanikwa

Huhitaji kufika kwenye kitu ili ukipime. Mtumbwi uko mita mia mbili majini na wewe uko kwenye kivuko cha Kamanga: kama jua linalowaangukia wavuvi ndilo linalokuangukia, geuka na mtumbwi ubaki mgongoni mwako, kuba itazame upande ule ule ambao ingetazama kama ungekuwa kule mtumbwini ukiielekeza kwenye kamera. Soma. Namba ni ile ile. Kagua tu kwamba hakuna wingu lililowafunika wao likakuacha wewe.

Pale Mwaloni Kirumba na kwenye fukwe za visiwani, dagaa walioanikwa hung'aa kama fedha, na kina mama wanaowageuza wameinama wamejifunga khanga za rangi nzito. Kamera peke yake itawafanya dagaa kijivu na akina mama giza. Kuba itakupa namba ya kweli, lakini kwa vitu vinavyometa kama samaki wabichi au dagaa, bana nusu stopu ili magamba yabaki na umbo. Kama anayehusika ni mtu na dagaa ni mazingira tu, usibane. Kazi ya yule mama juani ina haki ya kuonekana usoni pake. Na muulize kabla ya kumsogezea kifaa: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini."

Ukumbini usiku

Mwanga wa kumbi zetu unabadilika kila baada ya hatua kumi, na taa za disko haziaminiki. Tegemea flashi na uipime.

Weka kipima kwenye alama ya flashi isiyo na waya. Ukibonyeza, kitasubiri. Msaidizi afyatue flashi, namba itatokea. Shata iwe ndani ya uwezo wa kamera yako kwa flashi, nyingi ni 1/200 au 1/250. Kasi ya shata haigusi mwanga wa flashi; inagusa taa za ukumbi tu. Ukitaka mapambo nyuma yaonekane zaidi, shusha shata hadi 1/60, na uso hautaungua.

Mwanga wa flashi hupungua haraka kwa umbali. Ukizidisha umbali mara mbili, unabaki na robo ya mwanga, yaani stopu mbili zimepotea. Kwa hiyo kabla wageni hawajaingia, simamisha flashi kwenye stendi karibu na meza kuu na upime sehemu tatu ambazo unajua picha zitatokea. Mfano, ukiwa na ISO 800: meza kuu, mita 3 kutoka kwenye flashi, f/5.6. Pa kukatia keki, kama mita 4 na kidogo, f/4. Pale maharusi wanaposimama kucheza, mita 6, f/2.8. Andika namba hizo tatu kwenye karatasi na uibandike nyuma ya kamera. Mshereheshaji akiita ghafla "keki, keki!", wewe unageuza lenzi hadi f/4 na uko tayari.

Kama unapenda kurusha flashi juu darini, tazama kwanza kuna nini. Kumbi nyingi zimefunikwa vitambaa vya mapambo vya buluu, zambarau au dhahabu. Mwanga unaorudi kutoka huko umepoteza nguvu, hilo kipima kitakuonyesha, na umebeba rangi ya kitambaa, hilo hakitakuonyesha. Nyuso za buluu hazitengenezeki vizuri kwenye kompyuta. Heri mwavuli mweupe kwenye stendi.

Kutunza

Kuba ikipata poda na vipodozi vya maharusi hula mwanga kidogo kidogo bila wewe kujua. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji, usitumie spiriti. Hewa ya ziwani ina unyevu, kwa hiyo weka kifaa kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Toa betri kama hutakitumia kwa mwezi.

Pale kuba isipofaa

Kuna vitu ambavyo vinatoa mwanga vyenyewe: jua linalozama, taa, moto. Kuba haiwezi kuvipima kwa sababu mwanga hauviangukii. Kwa machweo pale Jiwe la Bismarck, toa kuba, soma anga pembeni mwa jua, ubane stopu moja ukitaka rangi nzito.

Na uwe mwepesi. Huku kwetu jua huzama karibu wima, karibu saa moja jioni, na giza halikawii. Likishazama, unapoteza stopu nzima kila baada ya dakika tatu au nne, baadaye hata haraka zaidi. Kama unapiga watu wakati huo, pima kila baada ya dakika mbili, na mwambie msaidizi akutajie namba kwa sauti ili usiondoe jicho kwenye kamera: "Nne! Mbili nukta nane! Mbili!"

Usiku wa giza la mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga majini kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Ukiwa nchi kavu, kipima chako hakitasoma kitu. Funga kamera kwenye stendi, anza na ISO 800, f/4, sekunde 4, tazama histogramu (mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye skrini ya kamera), kisha nenda sekunde 2 na sekunde 8. Lakini ukibahatika kupanda mtumbwi na wavuvi wenyewe, toa kipima mfukoni, washa alama ya mwanga wa kawaida, na ukishike mbele ya uso wa mvuvi aliyeinamia wavu, kuba ikikutazama. Taa iko mita moja kutoka kwake na inamwangaza vizuri kabisa. Nilipopima hivyo kwa mara ya kwanza nilipata f/2.8 kwa 1/60, ISO 1600, na uso wake ukatoka na rangi yake yote.